Vitenzi vya Kiitaliano na mkazo usioandikwa

Sisi wenye Kiswahili huingia darasa la Kiitaliano kwa madaha, na si bure. Irabu zao tunazisoma bila shida, na mkazo mara nyingi hukaa pale pale tulipozoea, silabi ya pili kutoka mwisho: par-LA-re, par-LIA-mo. Mtu anajiona ameshafika. Kisha inakuja nafsi ya tatu wingi.

"Wanazungumza" ni parlano. Ulimi unakimbilia par-LA-no, kumbe ni PAR-la-no. "Wanaishi" ni A-bi-ta-no, na "wanapiga simu" ni te-LE-fo-na-no. Hesabu mwenyewe: hapo mkazo umerudi hadi silabi ya nne kutoka mwisho!

Mimi lawama nazipeleka kwa vitabu. Jedwali la vitenzi hupakwa rangi nzuri kwenye miishio, -o, -i, -a, -iamo, -ate, -ano, lakini sauti inapanda wapi, kimya. Maandishi ya kawaida nayo hudai alama pale tu mkazo unapoangukia silabi ya mwisho: parlo ni "nazungumza", parlò ni "alizungumza". Kwingine jitegemee. Capitano ikisomwa ca-pi-TA-no ni nahodha. CA-pi-ta-no ni "yanatokea". (Tuliokua na barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" hatuna haki ya kushangaa.)

Na kanuni yenyewe ni fupi mno: katika wakati uliopo, "wao" humfuata "mimi". PAR-lo, PAR-la-no. A-bi-to, A-bi-ta-no. Kwa hiyo kujifunza kitenzi kwa umbo la kamusi peke yake hakutoshi. Studiare na inviare zinafanana kama pacha, lakini "nasoma" ni STU-dio, silabi mbili, na "natuma" ni in-VI-o, silabi tatu. Ndiyo maana "unasoma" ni studi, i moja, na "unatuma" ni invii, i mbili. Anayekariri tahajia bila kusikia mkazo ataiona hiyo i ya pili kama uchokozi.

Vitenzi vya -ere ndivyo vikaidi zaidi: ve-DE-re, lakini PREN-de-re na SCRI-ve-re. Kijana wa ufukweni Malindi aliyeokota lugha kwa watalii hasumbuki, alivisikia kabla ya kuviona. Wa darasani, mwombe mwalimu aweke alama ubaoni. Akigoma, weka mwenyewe kwa penseli, kitenzi kwa kitenzi.