Wimbo bora wa Queen si ule mnaoutaja wote

Kila mashabiki wenzangu wa roki wanapopanga nyimbo za Queen, ile bendi ya Uingereza, wawe Dar, Nairobi au Muscat, namba moja huwa haijadiliwi. Unawekwa "Bohemian Rhapsody" juu, halafu watu wanaanza kugombania namba mbili. Mimi nabishana papo hapo kwenye namba moja. Wimbo mkubwa kuliko zote walizowahi kutunga watu wale wanne ni "Somebody to Love" wa mwaka 1976, na leo nautetea mpaka mwisho.

"Bohemian Rhapsody" nauheshimu, na historia yake naijua. Ulitoka Oktoba 1975 ukiwa na dakika 5 na sekunde 55, zama ambazo redio zilitaka dakika tatu basi. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaupiga mara 14 ndani ya wikiendi moja, wasikilizaji wakapagawa, na ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Freddie Mercury, mwimbaji wao mkuu, alipofariki Novemba 1991, ukarudi tena kileleni. Wimbo gani mwingine wa roki umepata bahati hiyo mara mbili, kwa miaka 16 tofauti?

Lakini angalieni maonyesho yao ya jukwaani. Ikifika ile sehemu ya opera katikati, bendi inaondoka. Taa zinacheza, sauti zinatoka kwenye kanda iliyorekodiwa studio, na wenyewe wanarudi gitaa linapolipuka. Sauti zile zilirundikwa moja juu ya nyingine kwa siku nyingi studio, hivyo koo tatu zisingeweza kuzitoa kwa mkupuo mmoja mbele ya watu. Siwalaumu hata kidogo. Ila kwangu mimi taji la kwanza linakwenda kwa wimbo ambao waliourekodi wanaweza kusimama na kuuimba, pumzi zao zenyewe zikisikika.

Sasa sikilizeni "Somebody to Love". Freddie alikuwa akimhusudu Aretha Franklin, mwimbaji wa Marekani, na alitaka kutunga kitu chenye roho ya injili ya makanisa ya watu weusi wa Marekani. Hakukodi kwaya. Yeye, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliingia studio wakajirekodi wenyewe, sauti juu ya sauti, mpaka watu watatu wakawa kwaya nzima. Albamu ile, A Day at the Races, waliisimamia wao wenyewe bila Roy Thomas Baker, aliyekuwa amewasaidia kutengeneza zile za mwanzo.

Aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa, popote Afrika Mashariki, hahitaji kuelezwa kinachotokea humo ndani. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mdundo ni wa sita kwa nane, ule unaoufanya mwili uyumbe kabla hujajua unayumba. Roger Taylor yuko juu kabisa, mahali ambapo kwaya zetu huwaweka akina mama wa sauti ya kwanza, Freddie anakamata katikati, na chini kuna uzito unaoshikilia kila kitu. Halafu yanakuja yale makofi. Ala zinanyamaza, kwaya inaanza kwa sauti ya chini kurudia sentensi moja tu, tena na tena, kila mara ikiongezeka kidogo, mpaka Freddie anapasua katikati na ala zote zinarudi kwa pamoja. Nimeusikiliza wimbo huu tangu niko sekondari na bado hapo ninapandwa na vipele.

Na anaimba nini? Anaimba maombi ya mtu aliyechoka. Anaamka asubuhi hana nguvu, anajitazama kwenye kioo, anafanya kazi mpaka mwili unauma, jioni anapiga magoti na kumuuliza Mungu kwa nini hajampa wa kumpenda. Hakuna mafumbo hapo. "Bohemian Rhapsody" ina kijana aliyeua, ina Galileo na Scaramouche, na Freddie hakuwahi kutueleza maana yake. Ni haki yake msanii. Ila mimi nikiambiwa nichague kati ya kitendawili na kilio cha kweli, nachagua kilio.

Jukwaani hawakukimbia. Tafuteni onyesho la Montreal la Novemba 1981, au lile la Milton Keynes la Juni 1982. Freddie kwenye piano, sauti imekwaruza kidogo, May na Taylor wanamwitikia, na kwaya ya studio haipo. Wimbo haukupungua. Kwa masikio yangu umeongezeka, maana sasa unasikia mtu mwenyewe akiomba. Na Aprili 1992, kwenye tamasha la kumuenzi pale Wembley, mwimbaji George Michael alipanda na huohuo, uwanja mzima ukaitikia makofi. Waliimba wengi siku ile, wengine waimbaji wakubwa kweli. Ukiuliza watu leo wanakumbuka nini, wengi watakutajia yeye.

Hapa rafiki yangu wa Unguja hunikatiza. Hoja yake ni kwamba sisi hatuna ruhusa ya kuushusha wimbo wenye "Bismillah" ndani yake, maana hiyo ni saini ya Zanzibar. Fahari yake naielewa na ninayo pia. Farrokh Bulsara, ndiye Freddie mwenyewe, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, baba yake Bomi alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni, na familia iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo pale Shangani kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, na kila nikipita naona wageni wakipiga picha mlangoni. Ni vizuri, na ni haki yake.

Lakini kupanga nyimbo kwa kutafuta mle ndani neno linalotuhusu ni kumnyima Freddie heshima ya ufundi. Kama kipimo ni hicho, basi namba moja iwe "Mustapha" ya mwaka 1978, iliyojaa Ibrahim na Allah kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hata huyo rafiki yangu haiweki kwenye kumi bora. Tena familia ya Freddie walikuwa Waparsi wa dini ya Zoroaster, na piano aliisomea India, katika shule ya bweni ya Panchgani alikopelekwa akiwa na miaka minane. Huko ndiko alikoanzia bendi yake ya kwanza, The Hectics. Mtu aliyepita Zanzibar, India na Feltham ya Uingereza kabla hajatimiza miaka 20 hawezi kubanwa ndani ya neno moja. Tumdai kwa sauti yake na utunzi wake, maana hapo ndipo alipowashinda wenzake.

Namba mbili yangu ni "The Show Must Go On", na hapa sina adui mkubwa. Ulitoka kwenye albamu ya Innuendo ya 1991, Freddie akiwa mgonjwa sana. Brian May, aliyeandika sehemu kubwa, amesimulia kwamba alikuwa na wasiwasi kama mwenzake ataweza zile noti za juu. Freddie akameza funda la vodka, akaenda kwenye maikrofoni na kuzipiga zote. Kinachoniumiza ni kwamba hakuwahi kuuimba mbele ya watu hata mara moja. Najua nimesema kipimo changu ni jukwaa, na ndiyo sababu pekee wimbo huu haujakaa juu. Yeye hakukimbilia kanda. Alinyimwa muda.

Tatu ni "Bohemian Rhapsody". Mkitaka kunirushia mawe, nafasi ya tatu katika kazi za bendi kama ile si tusi.

Nne nampa May peke yake: "'39". Watu wengi wanairuka kwa kuwa ni gitaa la kawaida lisilo la umeme, na Freddie siye mwimbaji mkuu kwenye rekodi. Kaeni nayo vizuri. Wasafiri wanaondoka na chombo kwenda kutafuta ulimwengu mpya, kwao unapita mwaka mmoja, wanarudi nyumbani na kukuta imepita miaka mia. Mpenzi aliyeachwa hayupo tena, yanaonekana macho yake tu kwa kizazi chake. Hiyo ni fizikia ya Einstein imewekwa kwenye wimbo wa kuimba mkizunguka moto, na aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya nyota kabla ya umaarufu. Mwaka 2007 akarudi Imperial College kumalizia shahada yake ya uzamivu juu ya vumbi la angani. Wenzangu walioko Ughaibuni, mliokaa miaka mingi na mkirudi mnakuta wazee mliowaacha hawapo, msiniambie wimbo huu ni mwepesi.

Tano ni "Another One Bites the Dust". Mpiga besi wao John Deacon, yule mkimya, alisikiliza bendi ya Chic, akaja na mstari wa besi ambao hata asiyejua kuwa Queen ipo duniani anautikisia kichwa. Ulifika namba moja Marekani mwaka 1980. Sina zaidi la kusema, besi ile inajitetea.

"We Are the Champions" na "We Will Rock You" siziweki, na hapa mashabiki wa mpira hunikasirikia. Ni nyimbo zilizokwisha kuwa mali ya viwanja. Ukizisikia unafikiria kombe, humfikirii aliyeimba. "Radio Ga Ga" nayo imebebwa na tamasha la Live Aid. Julai 13, 1985, pale Wembley, mikono ya watu elfu sabini na kitu ikipiga makofi kwa pamoja, kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia. Siku ile ilikuwa kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Ubishi uliobaki ni wa "Under Pressure". Mimi niliuweka nje kabisa kwa sababu nusu ni wa mwanamuziki David Bowie, walikutana Montreux mwaka 1981 wakautengeneza pamoja. Dada mmoja wa Mombasa, anayeijua Queen kuliko wengi wetu, akanijibu: kama Bowie anautoa, basi Aretha Franklin naye aitoe "Somebody to Love". Jibu hilo ni zito, lakini silikubali. Aretha aliwafundisha kwa mbali, hakuingia studio. Bowie alikuwa mle ndani, na kile kilio cha upendo mwishoni kinabebwa na koo mbili. Dada akasema basi huo ndio uzuri wenyewe, Freddie amepata mtu wa kiwango chake wa kushindana naye. Hapo kanishinda. "Under Pressure" inaingia nafasi ya sita, na "Don't Stop Me Now" inashuka kwenda ya saba.