Kopi ya Baba Yake: Kufanana Kunapokuwa Sifa na Kunapokuwa Lawama

Anayekwenda kumtazama mzazi aliyejifungua anajulikana atasema nini. Atamfunua mtoto uso, atamtupia jicho baba, kisha atatamka kwamba huyu ni kopi ya baba yake, au kwamba wawili hawa ni kama shilingi kwa ya pili. Wenyeji hufurahi, na hakuna anayeshangaa kwamba sifa hiyo ya kiumbe kichanga imeazimwa kwenye mashine ya dukani na kwenye kiwanda kinachogonga sarafu. Mgeni huyohuyo akipita kesho yake kwenye mabanda ya wachoraji wa mtindo wa picha uitwao Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, akaona chui watatu wa wachoraji watatu, wote wamegeuza shingo upande mmoja na wote wametiwa madoa ya namna moja, atasema kwa dharau kwamba hawa hawachori, wanafyatua tu. Kitenzi chenyewe ni cha watu wa matofali, ingawa siku hizi nacho kimevuka mpaka, maana kwa utani wa mitaani watu hufyatua hata watoto.

Kwa nini basi kufanana na aliyetangulia kuwe heshima kwa mtoto na aibu kwa picha? Ziko lugha za Ulaya ambazo hutumia neno moja kwa uzazi wa wanyama, kwa picha iliyochapwa na kwa kabati jipya lililotengenezwa kwa kufuata la kale. Kiswahili kimeyagawa mambo hayo: kuna kuzaa, kunakili, kurudufu, kuiga na kughushi, na kila kitenzi kina mashaka yake. Anayezaa hana mamlaka juu ya sura ya atakayezaliwa. Anayenakili amejifunga kwa asili, na kosa lake hupimwa kwa umbali uliopo kati ya kazi yake na asili hiyo. Anayeiga amechukua namna, hakuchukua kitu chenyewe. Anayeghushi huenda amefanya lolote kati ya hayo, lakini ameficha alichokifanya. Kwa hiyo mtu anayewalaumu wachoraji wa Oysterbay ana wajibu wa kusema kwanza ni kitenzi kipi kati ya hivi anachowashitakia, na mara nyingi lawama huvichanganya vyote.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania, na alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuingia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ileile iliyotumika kupaka baiskeli, akawa anauza kazi zake karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuwa wakiishi upande huo wa jiji. Husimuliwa kwamba wazo la kujaribu alilipata kwa kuona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa mjini. Kwa hiyo hata mwanzo wenyewe, ambao sasa unaitwa asili, ulikuwa na mwanzo mwingine nyuma yake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia, akafa. Kazi yote iliyolipa jina lake uzito ilifanywa katika muda wa takriban miaka minne.

Katika miaka hiyo michache aliwakusanya vijana, wengi wao wakiwa jamaa zake: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, na Simon Mpata, ambaye alikuwa ndugu yake. Walijifunza kwa kutazama na kurudia. Baada ya kifo chake wao ndio walioendelea na kazi, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika kilichobeba jina lake. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtindo huu ulienea kwa njia mbili zilizosukwa pamoja, ya damu na ya mkono. Mpwa alimwiga mjomba, mdogo akamwiga mkubwa, na si rahisi kuonyesha mahali ambapo ukoo uliishia na karakana ikaanza.

Wanaolaumu wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza kwa kisingizio cha kuwatetea wanyonge. Ya kwanza ni ya sanaa yenyewe. Picha ambayo maamuzi yake yote yalikwisha kufanywa na mtu mwingine, kuanzia mkao wa mnyama hadi rangi ya mbingu nyuma yake, inamwachia mchoraji kazi ya vidole peke yake. Ya pili ni ya soko. Mtalii akishaona twiga haohao kwenye mabanda manne, atanunua pale penye bei ya chini, na mchoraji aliyebuni jambo jipya Jumatatu atalikuta kwa jirani kabla wiki haijaisha, hivyo hana sababu ya kubuni tena. Sheria nayo haimsaidii sana, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kufanywa. Namna ya kuchora haina mwenyewe mbele ya mahakama. Hoja ya tatu ndiyo kali zaidi, nayo ni ya saini. Zimekuwapo sokoni picha zenye jina la Tingatinga ambazo hakuzichora yeye, na tabia hiyo ni ndugu ya ile ya kuchukua mti mweupe mwepesi, kuuchonga, kuupaka dawa ya viatu hadi ung'ae, kisha kuuza kinyago hicho kama mpingo.

Upande wa pili nao una la kusema, tena la kale. Mapenzi ya kitu kimoja pekee, ambacho thamani yake inatokana na kutokuwapo kwa mwenziwe, si desturi ya sanaa zote wala ya nyakati zote. Karakana ya mchoraji wa kale Rubens kule Antwerp, Ubelgiji, ilitoa picha zilizopitia mikono ya wanafunzi wengi, na waliozinunua walilijua hilo. Karibu nasi zaidi yupo Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa nakala. Sehemu kubwa ya tenzi za kale tulizonazo leo zimetufikia kwa kazi ya wanakili kama yeye, waliokaa na kalamu wakairudia kazi ya mtu aliyekufa zamani, beti kwa beti. Hakuna anayemwita Kijumwa mwizi. Na mlango wa Lamu au wa Unguja, wenye yungiyungi na minyororo ileile iliyochongwa kwenye mlango wa jirani, unasifiwa kwa kufuata kanuni. Fundi aliyeamua kuchonga kitu kisichofanana na mlango wowote angeulizwa kama ana akili timamu.

Kuna pia tumbo la mchoraji, ambalo wachambuzi wa sanaa hulisahau kwa urahisi. Twiga kumi wanaofanana hulipa kodi ya chumba, na yule wa kumi na moja anaweza kuwa wa kujaribia.

Nikizipima pande hizi mbili, naona kwamba kufanana kwenyewe hakujawa kosa. Mtoto anapoitwa kopi ya baba yake, sifa hiyo ni ushahidi wa anakotoka, na yeye hadai kuwa ni baba. Ana jina lake, na jina la baba linafuata nyuma. Mwanafunzi wa Tingatinga anayechora chui wa mwalimu wake na kusaini kwa jina lake mwenyewe yuko katika hali hiyohiyo, lakini anayesaini jina la marehemu ameikana nasaba yake ili auze bei ya babu. Kitendo cha kwanza ni kuiga na cha pili ni kughushi, na kuvitia vyote chini ya neno moja la dharau ni kumwadhibu mkweli pamoja na mwongo.

Hata hivyo ukweli wa saini haumalizi shauri, kwa sababu kurudia kwa uaminifu kabisa kunaweza nako kuleta hatari, na hakuna anayelijua hili kuliko mkulima wa migomba. Lugha yetu inasema mgomba umezaa pale unapotoa mkungu, lakini ndizi tunazokula hazina mbegu zenye kuota. Mgomba wa kulimwa kwa kawaida una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo mbegu haziumbiki. Unachopanda ni chipukizi lililotoka kwenye shina, na chipukizi hilo ni mama yuleyule anayeanza upya. Migomba ya nyanda za juu za Maziwa Makuu, ile inayotoa matoke ya Uganda na ndizi za kupika za Kagera, Rwanda na Burundi, imekutwa na wanasayansi kuwa karibu mno kwa vinasaba, kana kwamba yote ilitoka kwenye shina moja. Shamba zima, wilaya nzima, ni kopi ya kopi.

Kinachonivutia hapa ni kwamba mgomba unawapa ushahidi wagomvi wote wawili. Mwenye kuitetea karakana ataonyesha kwamba kopi hizo hazikubaki zilezile. Katika mamia ya miaka ya kupandikiza, kulitokea hitilafu ndogondogo katika chembe, mkungu ukawa mrefu kidogo au shina likawa jeusi kidogo, na mkulima mwenye jicho kali akalitenga chipukizi hilo na kulipa jina lake, hata leo kuna aina nyingi ambazo mgeni haoni tofauti zake na mwenyeji hazikosei. Kurudia kukifanywa na mikono mingi kwa muda mrefu huzaa, kwa maana kamili ya neno, ingawa hakuna aliyekusudia.

Mwenye kulaumu naye ataonyesha mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu wa bakteria ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukathibitishwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Unasafiri kwa wadudu wanaotembelea maua, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, na kwa machipukizi yenyewe, yale ambayo jirani humpa jirani kwa wema. Kwa kuwa migomba hiyo ni ndugu wa karibu mno, kinachomdhuru mmoja huwadhuru wote, na hakuna aina ya matoke inayoustahimili kikamilifu. Dhidi ya ugonjwa mwingine, ule wa kuvu unaotia majani madoa meusi, watafiti wa NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walitafuta njia kwa kuyachanganya matoke na mgomba wa porini wenye mbegu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kwa sababu mikungu mingi ililazimika kupekuliwa ili zipatikane mbegu chache, na machotara waliopatikana wakaitwa NARITA. Ili migomba iliyozoea kujirudia ipate kinga, ilibidi izae kweli, na mgeni, tena kwa shida.

Picha nazo zina historia ya namna hiyo. Kilichoikoa Tingatinga isife pamoja na mwanzilishi wake ni marudio, lakini kilichoifanya ionekane hai baadaye ni mambo ambayo yeye hakuyajua: mashetani yanayokumbusha vinyago vya Wamakonde, na picha za mitaa na hospitali zilizojaa watu kila pembe. Ushirika unaofundisha kurudia bila kumruhusu mwanafunzi kuleta kitu kutoka nje unalima shamba la chipukizi moja.

Ipo nakala ya aina nyingine tena, ambayo haishindani na asili bali huilinda. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa na viumbe wa kale waliotembea wima kama binadamu na kugunduliwa mwaka 1978 kaskazini mwa Tanzania, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66. Baada ya kuchunguzwa zilifukiwa ili zisiharibike, lakini udongo na mchanga uliotumika kuzifunika ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wa taasisi ya Getty ya Marekani walizifukua, wakaondoa mizizi, wakatengeneza nakala mpya, kisha wakazifunika tena kwa uangalifu zaidi. Anayezuru makumbusho ya Olduvai leo huona nakala. Mgeni aliyesafiri mbali anaweza kuhisi amepunjwa, na malalamiko yake yanaeleweka, lakini katika kisa hiki uzazi wa mgunga ndio uliotishia kuua, na nakala isiyo na uhai ndiyo inayoziwezesha nyayo zenyewe kubaki gizani salama.

Nikirudi Oysterbay, naona swali ambalo wanunuzi wengi huuliza, kama picha ni orijino, halifai mahali hapo. La kumuuliza mchoraji ni amefundishwa na nani na ameongeza nini. Aliyekaa karakanani hujibu bila kusita, jina baada ya jina, na baada ya majina machache anafika kwa Tingatinga mwenyewe. Sasa zipo programu za kompyuta ambazo humtoa chui wa mtindo huo kwa sekunde chache, zikiwa zimelishwa picha nyingi zilizokusanywa kutoka intaneti. Chui huyo naye ana mababu, pengine wengi kuliko wa mchoraji yeyote, lakini ukimwomba anayeiuza picha hiyo akutajie hata mmoja, hana jina la kukupa.