Dhumna katika kipindi cha Kiingereza

Kwetu neno "mchezo" halina heshima. Mtu akitaka kukuonya juu ya jambo zito hukwambia si jambo la mchezo. Mtoto akizembea huambiwa aache mchezo, na fundi anayelipua kazi husemwa kuwa anafanya mchezo mchezo. Kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza anaposimama mbele ya wazee na kusema kwamba anawasomesha watoto wao kwa michezo, huwa ameshajiharibia kabla hajafika mbali. Niliyaona hayo katika mkutano wa skuli moja ya Wilaya ya Wete, Pemba. Mzee mmoja alinyanyuka akasema kwa utulivu kabisa: "Maalim, mwanangu nimemleta asome. Mchezo anao nyumbani, tena wa bure." Watu wakacheka, maalim naye akacheka, akakaa. Ajenda ikahamia kwenye vyoo.

Mzee yule hakuwa peke yake, wala hakuwa mjinga. Mtoto wake anangojwa na mtihani wa kuandika. Karatasi ya Kiingereza ya kidato cha nne humtaka mwanafunzi aandike upya sentensi kwa maelekezo aliyopewa, atunge barua, ajibu maswali ya fasihi. Hakuna anayemwita chumbani amsikilize akizungumza. Na Kiingereza hapa Zanzibar kinabeba masomo mengine mgongoni. Sera ya Elimu ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, na ukifika sekondari karibu kila kitu kiko kwa lugha hiyo. Mtoto aliyekosa Kiingereza amekosa na Baiolojia, amekosa na Jiografia. Mzee anakiona kipindi cha Kiingereza kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi: hayachezewi.

Kuna na mambo ya darasa lenyewe. Mikondo miwili kwa siku, dawati moja watoto watatu wanne, na ukuta ambao mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili anasikia kila kitu kinachopita. Kuna na dado. Kwa wazee wengi dado ni chombo cha kamari, basi, na maalim aliyelitoa mfukoni mbele ya darasa, hata kama nia yake ni kuhesabu hatua kwenye ubao wa maneno, ajitayarishe kuitwa. Hilo dawa yake ni nyepesi: komwe za bao au vizibo vya soda vilivyoandikwa namba vinafanya kazi ileile, na hakuna anayenuna.

Mengi ya haya nayakubali. Nisichokubali ni dhana iliyokaa chini yake, kwamba mchezo ukiondoka kinachobaki ni kusoma. Kinachobaki mara nyingi ni hiki: mwalimu anaandika vitenzi 20 ubaoni, "go, went, gone", "buy, bought, bought", watoto wananakili, wanaitikia kwa pamoja mara tatu kwa sauti inayofika barabarani, kengele inalia. Kila mmoja ana daftari safi. Mzee akilifungua jioni anaona kazi imefanyika, na anaridhika. Mimi daftari lile linanitia wasiwasi, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo sisi tungepaswa kulijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu lugha iliyotumika ni yetu. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza: "mashua", na kando yake "boat". Kwa wale vijana, "mashua" lilikuwa geni kama "bought" kwa mtoto wa Micheweni. Wote walisoma na kujaribiwa mpaka kila neno wamelipata angalau mara moja. Kilichotofautiana ni neno lilifanywa nini baada ya hapo. Kundi moja, neno likishapatikana, liliendelea kusomwa lakini halikuulizwa tena. Kundi jingine neno halikusomwa tena, ila liliendelea kuulizwa.

Wiki moja baadaye waliitwa wote. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80, yaani maneno 32 katika 40. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka asilimia 36, maneno 14 hivi. Kulikuwa na kundi jingine lililoachishwa yote mawili, halikusoma tena wala halikuulizwa, nalo lilipata asilimia 33. Tofauti ya 36 na 33 ndiyo inayoninyima usingizi. Kusoma kote kule kwa ziada, tena na tena, neno ambalo mtu ameshalijua, kulimletea kama neno moja tu katika 40. Ukifikiria madaftari yetu ya vitenzi, miaka yote hii, unapata uchungu.

Na kuna dogo ambalo nadhani ndilo kubwa. Walipoulizwa wenyewe wanatarajia kukumbuka maneno mangapi baada ya wiki, makundi yote yalikisia mulemule, karibu nusu. Mtu hajijui. Aliyebaki na 14 alijiona sawa na atakayebaki na 32. Ndiyo maana si haki kumlaumu mzee kwa kuliamini daftari, wala mwalimu aliyesikia darasa zima likiitikia "went!" akadhani limeingia. Wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima, hawakuiona tofauti ndani ya vichwa vyao wenyewe.

Sawa, wale hawakuwa wakicheza. Walikaa kimya mbele ya kompyuta. Lakini angalia walichofanyiwa: waliulizwa, wakalitafuta neno kichwani bila ya kulitazama, tena na tena. Mchezo mzuri wa darasani hauna siri nyingine zaidi ya hiyo. Ni kuulizwa mara nyingi bila ya kuogopa fimbo. Raha inayouzunguka ni chombo cha kumfanya mtoto akubali kuulizwa mara ya saba bila ya kuchoka, na walimu wanaoutetea mchezo kwa kusema "watoto wanafurahi" wanajipunguzia hoja yao wenyewe. Watoto wanafurahi hata mvua ikinyesha wakarejeshwa nyumbani mapema.

Tena sisi tunaijua njia hii tangu utoto. Wale wanaosema "tulisoma kwa kukariri na tukajua" huwa wanaikumbuka chuoni, yaani chuo cha Kurani, na wanaikumbuka nusu. Chuoni hukupita sura kwa kuitazama. Ulikaa mbele ya mwalimu, au mbele ya mkubwa wako aliyeshika msahafu, ukaisoma kwa moyo, ukikwama ukangojewa, ukikosea ukarejeshwa ulipokosea. Kesho yake kabla ya kupewa mpya ulitakiwa ya jana. Mambo mengine ya chuoni tuyajadili siku nyingine, bakora zikiwamo, lakini pale hakuna mtoto aliyehifadhi kwa kunakili ubaoni. Alihifadhi kwa kuulizwa, na mtu akimsikiliza.

Sasa lichukue darasa la watoto 80, na najua wapo walimu watakaosema nimewapunguza. Kipindi ni dakika 40. Toa tano za kuingia na kutulia. Zinabaki sekunde 2,100. Ukizigawa sawasawa bila mwalimu kufungua mdomo, kila mtoto ana sekunde 26 za kusema Kiingereza. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, na mwalimu gani hazungumzi nusu ya kipindi, zinabaki 13. Kwa kawaida hazigawiwi sawa: zinakwenda kwa watoto kumi wa mbele walionyoosha mikono.

Mwalimu niliyemwona Pemba alikuwa na seti za dhumna alizozikata kwa maboksi ya dukani. Kila seti vipande 28 kama dhumna ya barazani, ila badala ya nukta, upande mmoja wa kipande una kitenzi na upande wa pili una wakati uliopita wa kitenzi kingine. Wachezaji wanne, saba saba. Mwenye "go" mbele yake lazima aweke "went", na hakiweki kipande kabla ya kusema sentensi nzima ya jana: "Yesterday I went to Konde." Asiyekuwa nayo anapita. Wa tano kwenye kundi hachezi. Ameshika karatasi ya majibu na kazi yake ni kusikiliza, kama yule mkubwa wa chuoni, na zamu ikiisha anapokezana. Watoto 80 ni makundi 16. Vipande vyote vikilala, zimesemwa sentensi 448 katika robo saa au kidogo zaidi. Kelele? Zipo, na wengine wanakigonga kipande kwa kishindo kama baba zao. Mwalimu wa Hisabati alikuja mlangoni kuuliza kuna harusi ya nani.

Pingamizi kali kuliko la kelele ni la makosa. Katika sentensi 448, ngapi zilikuwa mbovu, na nani alizisahihisha? Mwenye karatasi ya majibu atamkamata aliyesema "goed". Hatamkamata aliyesema "My father he went to Wete", kwa sababu kitenzi ni sahihi, na ile "he" ya ziada ni ile "a" ya "alikwenda" inayodai haki yake katika lugha ya watu. Vilevile "my mother" akiitwa "he" kundi zima litapita nalo, maana "yeye" yetu haichagui mume wala mke. Kosa likisemwa mara saba kwa raha linakaa. Walimu wa zamani wanalisema hili na wana haki. Jibu ninaloliona ni kuupunguza mchezo badala ya kuuongeza: seti moja iwe na jambo moja tu la kukamatwa, siku hii vitenzi, siku nyingine "he" na "she", na msikilizaji ajue analinda mlango upi. Watoto wenyewe si walinzi wabaya. Kinyume kimechezwa hapa tangu zamani, Askofu Edward Steere alikinukuu katika karne ya 19, ambapo silabi ya mwisho inavutwa mbele: kitabu kinakuwa bukita, samaki kisama. Hakuna mwalimu aliyekisomesha, na anayekosea silabi moja huchekwa hapohapo. Kwenye kanuni waliyoielewa, watoto ni wakali kuliko mkaguzi.

Neno "waliyoielewa" lina uzito hapo. Mchezo haufundishi kanuni mpya. Mtoto asiyejua kwa nini ni "has gone" hapa na "went" pale, dhumna haitamweleza. Ataikisia, na atakisia kwa Kiswahili. Maelezo ya mwalimu, ubao na chaki, yanatangulia. Mchezo unakuja nyuma kukifunga kilichofunguliwa.

Na ipo michezo ambayo mzee wa Wete yuko sahihi kabisa kuihusu. Ule wa kumchora mtu anayenyongwa, watoto wakikisia herufi moja moja, unakula dakika kumi kwa neno moja, na mara nyingi mshindi halijui maana yake. Ipo ile ya makundi mawili kukimbilia ubaoni: wawili wanakimbia, 78 wanapiga makofi. Semina za walimu zinapenda sana hii, kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mchezo ambao kwa dakika moja haujamlazimisha mtoto wa nyuma kabisa kutoa neno kichwani mwake, huo ni mchezo kwa maana ya mzee.

Tusijidanganye pia juu ya ukubwa wa kazi. Paul Nation wa New Zealand, aliyeutumia umri wake kuhesabu msamiati, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na maumbo yake likihesabiwa moja. Dhumna haifiki huko, hata ukikata maboksi ya Pemba nzima. Mengi ya maneno hayo huja kwa kusoma vitabu, na katika skuli nilizopita mimi vitabu vya hadithi vimo kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda semina. Ila mtoto ambaye "bought" na "brought" bado vinamchanganya hata kitabu chepesi hakifungui. Mia chache za mwanzo lazima zikae imara, na hizo ndizo za dhumna.

Kwa hiyo ningemshauri maalim yule, mkutano ujao, asilitamke neno "mchezo". Na wala asibishane. Achukue vitenzi 40 ambavyo darasa halijavisoma. Avieleze vyote sawasawa, kisha 20 wavinakili na kuviitikia kama desturi, na 20 wavicheze dhumna, muda uleule. Asiwape jaribio siku hiyo. Siku hiyo vyote vitaonekana vimejulikana. Awape Jumatatu ya wiki ya pili, bila ya kuwatangazia, kwa kuandika, kama mtihani unavyotaka. Karatasi zile, na hesabu zake mbili, ampelekee mzee azione mwenyewe.