Reale Nane Mchangani: Sarafu za Kihispania na Mkono wa Sheria

Kila kimbunga kinapopita katika pwani ya mashariki ya Florida, nchini Marekani, watu hushuka ufukweni alfajiri wakiwa na ditekta za metali na vikoleo vidogo, hasa katika kipande cha pwani kilicho kati ya Sebastian na Fort Pierce. Wanachokitafuta kina tarehe kamili. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1715, msafara wa merikebu 12 uliokuwa umeondoka Havana wiki moja tu kabla yake, ukipeleka Hispania dhahabu na fedha za makoloni ya Amerika, ulipigwa na dhoruba na kusukumwa kwenye miamba. Merikebu 11 zilivunjika, watu wapatao 1,000 wakafa, na shehena yao ikatawanyika chini ya mchanga ambao bahari imekuwa ikiuchimbua na kuufukia tena kwa zaidi ya miaka 300.

Sarafu inayookotwa mara nyingi haifanani na ile inayochorwa katika vitabu vya watoto. Reale nane, yaani sarafu ya fedha ya karibu gramu 27, ilikatwa kwa patasi kutoka kwenye kipande cha madini na kugongwa muhuri kwa nyundo, kwa hiyo haina duara kamili, na ikikaa baharini hugeuka nyeusi hata mtu aidhanie jiwe. Anayeiokota ana sababu ya kufurahi. Swali ni kama ana haki ya kuitia mfukoni, na jibu lake hutegemea kwanza mahali alipokuwa amesimama alipoinama.

Akiwa kwenye mchanga mkavu wa ufukwe wa umma, juu ya mstari wa wastani wa maji kujaa, kwa kawaida hakuna atakayemsumbua. Akishuka hatua chache hadi mchanga unaofunikwa na maji, ameingia katika ardhi ya jimbo, na sheria ya Florida inasema kwamba vitu vya kihistoria vilivyo katika ardhi ya jimbo, ya nchi kavu au ya chini ya bahari, ni mali ya jimbo. Kuchimba na kuondoa bila kibali ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu kifungoni hadi miaka mitano. Akiingia katika hifadhi ya taifa, kama ile ya Canaveral iliyoko kaskazini zaidi katika pwani hiyohiyo, anakutana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inayolinda mabaki ya kale yenye umri wa miaka 100 au zaidi, ambayo kwa kosa la kwanza inaruhusu faini ya hadi dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja, na adhabu huongezeka maradufu thamani ya kitu pamoja na gharama ya uharibifu ikizidi dola 500. Reale nane moja iliyo katika hali nzuri, pamoja na shimo ilimochimbuliwa, inaweza kuvuka kiwango hicho bila taabu. Na akivaa miwani ya mbizi akaogelea hadi kwenye mabaki yenyewe, anaingilia haki ya kampuni ambayo mahakama ya shirikisho imeipa idhini ya peke yake ya kuopoa. Hayo yote hutokea katika pwani moja, na mtu anaweza kuvuka mpaka mmojawapo bila kuona hata kibao.

Wawindaji wa sarafu wana hoja ambayo si haki kuipuuza. Mabaki mengi ya msafara wa 1715 yalijulikana yalipo kwa sababu mkandarasi mmoja wa ujenzi, Kip Wagner, aliokota sarafu ufukweni, akajiuliza zimetoka wapi, akasoma nyaraka za kale, na kufikia miaka ya 1960 kundi lake lilikuwa linaopoa dhahabu kwa mkataba na jimbo. Mel Fisher aliitafuta merikebu ya Nuestra Señora de Atocha, iliyozama mwaka 1622 karibu na visiwa vya Florida Keys, kwa miaka 16. Mtoto wake, mkaza mwanawe na mpiga mbizi mwingine walikufa chombo chao kilipopinduka tarehe 20 Julai 1975, na shehena kuu ikapatikana tarehe ileile, miaka kumi baadaye. Hakuna idara ya serikali ambayo ingevumilia gharama na misiba ya namna hiyo kwa ajili ya merikebu ambayo haikuwa na uhakika kwamba ingeipata. Kwa mtazamo huu, utaratibu uliopo sasa kwenye mabaki ya 1715, ambapo jimbo huchukua hadi asilimia 20 ya vilivyopatikana kwa ajili ya makumbusho yake na sehemu iliyobaki hugawanywa kati ya kampuni na wapiga mbizi wake, ni malipo ya haki kwa jasho na hatari.

Wanaakiolojia hawabishani na jasho hilo. Hoja yao ni kwamba sarafu ikishaondolewa mahali pake bila kupimwa wala kuchorwa, kilichobaki ni madini yenye maandishi. Sarafu 200 zilizogandana katika umbo la mfuko hueleza jinsi mtu alivyoficha mali yake asilipe kodi ya mfalme. Sarafu hizohizo zikitenganishwa, zikasafishwa kwa kemikali na kuuzwa moja moja, hueleza bei ya mnada tu. Na zana zenyewe hutia shaka. Waopoaji wa Florida hushusha nyuma ya chombo mabomba makubwa yaliyopinda, yanayoelekeza mkondo wa rafadha chini na kutoboa shimo mchangani kwa dakika chache. Kwa mtafuta dhahabu ni ubunifu wa ajabu. Kwa mtafiti ni kama kusoma kitabu kwa kukipulizia upepo. Ndiyo maana Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, unaohusu mali za urithi zilizokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100 na ulioanza kutumika mwaka 2009, unakataza kuzigeuza kuwa bidhaa na unataka kuziacha zilipo liwe wazo la kwanza kufikiriwa. Hispania imeuridhia. Marekani haijauridhia.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi kwa waopoaji halikutoka kwa wanaakiolojia. Lilitoka kwa mwenye meli. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba merikebu mbili za kivita za Hispania zilizozama karibu na Virginia, La Galga ya mwaka 1750 na Juno ya mwaka 1802, hazijawahi kutelekezwa, kwa sababu dola haipotezi manowari yake kwa kukaa kimya. Ni lazima itamke kwamba imeiacha. Miaka saba baadaye kampuni ya Odyssey Marine Exploration iliopoa kutoka Atlantiki zaidi ya nusu milioni ya sarafu, tani 17 hivi, ikazisafirisha kwa ndege kutoka Gibraltar hadi Florida na kuupa mradi jina la Black Swan bila kutaja ni meli gani. Hispania ilisema ni Nuestra Señora de las Mercedes, iliyolipuka tarehe 5 Oktoba 1804 iliposhambuliwa na Waingereza karibu na Ureno, ilhali nchi hizo mbili zilikuwa katika amani, na kuua watu wapatao 250.

Odyssey ilijitetea kwamba sehemu kubwa ya shehena ilikuwa ya wafanyabiashara binafsi, kwa hiyo safari ilikuwa ya biashara. Mahakama haikukubali: manowari ni manowari, na shehena hufuata meli. Mwezi Februari 2012 ndege mbili za jeshi la Hispania zilibeba sarafu hizo kuzirudisha, na mwaka 2013 jaji akaiamuru kampuni iilipe Hispania zaidi ya dola milioni 1 kwa gharama za kesi. Wawekezaji walioingiza fedha zao katika upigaji mbizi huo hawakupata hata sarafu moja ya kuweka mezani.

Binafsi naona hukumu hiyo ilikuwa sahihi kisheria na nusu tu ya haki. Peru nayo ilidai, kwa kuwa sarafu nyingi zilifuliwa Lima kwa madini ya milima ya Andes, lakini mahakama ilisema mgogoro kati ya dola na dola haukuwa wake kuutatua. Kwa hiyo swali la nani aliyechimba fedha ile, na kwa malipo gani, halikuwahi kusikilizwa. Swali hilohilo limerudi Kolombia, ambako merikebu San José, iliyozamishwa na Waingereza mwaka 1708, inadaiwa na Kolombia kwa kuwa iko katika maji yake, na Hispania kwa kuwa ni manowari yake, na kampuni ya Kimarekani inayosema ilipaona mapema, na watu wa Qhara Qhara wa Bolivia, ambao mababu zao walilazimishwa kuchimba fedha katika machimbo ya Potosí. Katika orodha hiyo, ni hao wa mwisho tu wanaozungumza kwa niaba ya waliotoa jasho, na ndio wenye nguvu ndogo zaidi mahakamani.

Hapa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili si geni kama linavyoonekana. Neno letu riyali linatokana na real hiyohiyo ya Kihispania kupitia Kiarabu, na katika karne ya 19 dola ya Kihispania ilipokewa Zanzibar pamoja na ile ya Maria Theresa. Waarabu waliiita sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili "abu madfa", baba wa mzinga, kwa kuwa nguzo zile zilionekana kama mizinga. Fedha ya Potosí ilikuwa na wenyewe wengi kuliko wanaotajwa katika kesi yoyote.

Turudi kwa mtu wa kawaida mwenye ditekta. Hispania yenyewe imechagua njia nyingine. Kwa sheria yake ya urithi wa kihistoria ya mwaka 1985, kitu kilichopatikana ni mali ya umma, lakini aliyekikuta kwa bahati na mwenye ardhi hugawana sawasawa nusu ya thamani iliyokadiriwa, kila mmoja robo, mradi taarifa itolewe mara moja. Asiyetoa taarifa hupoteza zawadi. Tatizo liko katika neno "bahati": aliyetoka nyumbani na ditekta bila kibali hawezi kusema alijikwaa. Mwaka 2021 wapiga mbizi wawili wa kujifurahisha walikuta karibu na Xàbia sarafu za dhahabu, za Kirumi safari hii. Wakatoa taarifa, wanaakiolojia wakaja, na zikahesabiwa 53 mahali pake. Hivyo ndivyo sheria inavyotamani mambo yaende. Lakini mtu aliyeipata peke yake shambani usiku, akijua kwamba kusema ukweli ni kujishtaki, ana kila sababu ya kunyamaza, na sarafu yake huishia mnadani ikiwa na hadithi ya babu aliyerithisha.

Kutokana na hilo watetezi wa njia ya Florida husema: mpe mwokotaji sehemu nono, naye atasema kweli. Ningependa kukubaliana nao moja kwa moja, ila tukio la mwaka 2015 linanizuia. Familia moja ya wapiga mbizi, waliokuwa na mkataba halali kwenye mabaki ya 1715 na waliostahili mgawo wao, walipata sarafu 101 za dhahabu na kutangaza 51. Zile 50 waliziweka kando. Mwaka uliofuata, kwa mujibu wa wapelelezi, mmoja wao alirudisha tatu chini ya bahari ili wawekezaji wapya wa kampuni "wazigundue". Tamaa haikuzuiwa na ukarimu wa sheria. Bado nadhani njia ya Florida huleta mezani vitu vingi zaidi kuliko ile inayotegemea hofu, lakini nguvu yake iko katika daftari zaidi kuliko katika asilimia: kila kipande hupewa namba, hupigwa picha, hupitia mahakamani kabla ya kugawanywa, kisha huuzwa na hati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mnunuzi wa leo anapaswa kulichukua neno hilo kama ushauri wa kisheria. Sarafu yenye hati ya uopoaji inauzika popote, ilhali isiyo na hati inaweza kuwa bandia, maana mafundi wa kuiga reale ni wengi, au ikawa halisi na ya wizi, na hilo la pili ni baya zaidi kwa anayeishika.

Mwezi Novemba 2024 polisi wa wanyamapori wa Florida pamoja na FBI walitangaza kwamba wamezipata sarafu 37 kati ya zile 50, zenye thamani inayozidi dola milioni 1, zikiwa katika nyumba, katika masanduku ya benki na katika minada. Mojawapo ya ushahidi ulikuwa picha ya sarafu hizo iliyobeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Tano zilikutwa kwa mfanyabiashara wa minada aliyezinunua bila kujua asili yake, na akazipoteza. Sarafu 13 zilizobaki hazikuwamo katika tangazo hilo, na yeyote anayeonyeshwa leo escudo, yaani sarafu ya dhahabu ya Kihispania, ya msafara wa 1715, kwa bei nzuri na bila karatasi, ana sababu ya kuuliza kama ni mojawapo.