Pokea Mchele, Usisaini Karatasi

Bosi wa aina hii tunamjua wote. Kijana amekatwa vidole na mashine, bosi anamkimbiza hospitali kwa gari lake, analipa bili papo hapo, na wiki inayofuata anafika nyumbani na mchele, sukari na bahasha. Mama wa kijana anamwombea dua. Mtaani inasemwa yule bwana ana utu. Miezi mitatu baadaye simu yake haipokelewi, na nyumbani kuna fundi seremala asiyeweza tena kushika randa.

Kwenye ukoo wetu yupo fundi mmoja wa hivyo. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilimletea bahasha pamoja na karatasi iliyochapwa vizuri: nimepokea msaada huu na sina madai yoyote. Wazee wakasaini kama mashahidi, tena kwa shukrani. Sidhani kama karatasi ile ina nguvu ya kufuta haki iliyowekwa na Bunge, lakini haikuhitaji nguvu hiyo. Ilitosha kwamba yeye mwenyewe aliamini mambo yamekwisha. Ukimwambia leo akadai fidia, anakujibu kwamba ni aibu kumsumbua mtu aliyekusaidia.

Lakini kudai huku hakumsumbui bosi hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi hawajaelewa. Tanzania Bara, fidia ya aliyeumia kazini haitoki mfukoni mwa mwajiri wake. Inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kazi ya mwajiri ni kuchangia kila mwezi, na mchango wenyewe umekuwa ukishuka: sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikaja 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Anayelipwa shilingi 300,000 anachangiwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Na ni marufuku kumkata mfanyakazi mwenyewe hela hiyo.

Kwa hiyo bosi anayelalamika kwamba fidia itamfilisi ama hajui, ama hajawahi kujisajili. Mimi huwa nawaza hilo la pili. Asiyejisajili hawezi kuripoti ajali bila kujianika mwenyewe, na mchele ni rahisi kuliko malimbikizo ya michango.

Angalia aliyesaini karatasi ile ameacha nini. Mfuko unalipia matibabu. Ukiwa nje ya kazi unapewa asilimia 70 ya mshahara wako hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari wanaupima: usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, uliozidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo mafunzo ya kukurudisha kazini kwa shughuli nyingine, na aliyekufa wategemezi wake wanapata pensheni. Maradhi yanayotokana na kazi nayo yamo, si ajali tu. Na huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea.

Wanaobeza mfumo huu wakumbuke tulikotoka. Sheria ya zamani, iliyorithiwa kwa mkoloni, ilifika mahali ulemavu wa kudumu ukawa haulipwi zaidi ya shilingi 108,000. Mtu anapoteza mkono, anapewa nauli na godoro. Hata baada ya sheria mpya kupita, Mfuko haukuanza kazi hadi Julai 2015. Katikati hapo, Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Sheria ilikuwa na miaka mitano kwenye kabati.

Siku hizi Mfuko upo na unalipa. Kinachonikera ni mlango wa kuingilia. Mfanyakazi anamjulisha mwajiri, mwajiri ana siku 7 za kuupelekea Mfuko taarifa, na dai lenyewe linatakiwa kufika ndani ya miezi 12. Yaani hatua ya kwanza kabisa imewekwa mikononi mwa mtu mwenye sababu nyingi za kunyamaza. Kwenye kiwanda chenye ofisa rasilimali watu na tawi la chama cha wafanyakazi, sawa. Kwenye karakana ya uani yenye watu sita na mashine mbili, nani atajaza fomu?

Tena hao wa uani ndio wanaoambiwa kwamba hawana mkataba, wao ni vibarua tu. Maneno matupu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa akitimiza hata sifa moja kati ya kadhaa, mojawapo ikiwa kumfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saidia fundi anayeripoti saa moja asubuhi kila siku anazimaliza saa hizo ndani ya wiki moja.

Ningekuwa na sauti, ningewapa hospitali wajibu wa kuripoti ajali. Daktari anayeshona mkono uliokatwa na msumeno wa umeme anajua mgonjwa ametoka wapi. Atume taarifa siku hiyohiyo, kama anavyotuma ya kipindupindu, bosi apende asipende. Na semina za fidia zipungue hotelini, wakaguzi waonekane zaidi nyuma ya maduka ya samani.

Wakati tunasubiri hayo, kama mgonjwa yuko kwako: mchele pokea, bahasha pokea, mshukuru bosi kwa moyo mweupe. Karatasi usisaini. Muulize mbele ya watu kama ajali imeripotiwa WCF na lini. Akibabaika, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko na karatasi za hospitali, tarehe ya ajali, majina ya walioshuhudia, na chochote kinachoonyesha mgonjwa alikuwa akilipwa pale, hata kama ni ujumbe wa M-Pesa tu.