Kabla ya shift kit, fungua nati ya oili ya gia

Barabara ya Iringa, Ruaha Mbuyuni, kabla hujaanza kupanda Kitonga. Mbele kuna semi linatambaa, kulia kweupe. Unakanyaga mafuta, injini ya Toyota Mark X inanguruma, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda, na gari halijaondoka bado. Gia inakuja kushuka wakati lori jingine limeshachomoza kule mbele. Niliishi na hali hiyo miezi mingi, na kila niliyemuuliza alinijibu, "Funga shift kit, kaka," yaani vifaa vya kubadilisha presha ndani ya gia boksi ili gia ziingie haraka.

Ushauri huo siukubali. Gari nyingi tunazozilalamikia kuwa gia nzito zina oili iliyochoka. Kwenye gia ya oto (otomatiki), kompyuta inatoa amri, solenoidi (swichi za umeme) za valvu bodi zinafungua njia za oili, na presha ya oili ndiyo inayobana klachi za ndani. Oili ikichoka, klachi inabana kwa kuchelewa huku inateleza. Kuteleza kunaleta joto, na joto linaimaliza oili zaidi. Na Mark X za toleo la GRX120 hazina dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya gia, kwa hiyo unaweza kumiliki gari miaka mitano bila kuiona oili yake.

Yangu niliiona siku fundi alipofungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi. ATF (oili ya gia ya oto) nzima ni nyekundu, inapitisha mwanga. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama kahawa ya kijiweni, inanuka kuungua. Sumaku za sampo zilikuwa zimevaa tope la kijivu la chuma. Fundi akaipikicha kati ya vidole, akaninyooshea mkono: "Braza, hapa gia itakuitikia vipi?"

Tukabadili filta, tukaweka ATF WS, ile ile inayotakiwa na gia boksi hiyo. Ukimwaga mara moja inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye tokonveta, kiungo kati ya injini na gia boksi, hivyo tulirudia mara tatu. Kipimo kinachukuliwa injini ikiwa inawaka, oili ikiwa na joto la karibu digrii 40, mpaka tundu la kipimo lidondoshe taratibu. Fundi anayejaza kwa kukisia, ondoa gari lako hapo. Mwisho tukafuta kumbukumbu za kompyuta ya gia, ianze kujifunza upya.

Halafu kuna S kwenye gia liva, ambayo wengi hawaigusi. S4 haikufungi kwenye gia ya nne, inaizuia gia isipande zaidi ya hapo. Ukiishusha kabla ya kona au kabla ya kuovateki, injini inakuwa tayari juu, hungoji tena.

Shift kit inaongeza presha ili klachi ibane haraka, na kwenye gia boksi nzima raha yake ni ya kweli. Kwenye iliyokwisha kulika, unaimalizia. Mwenye hela na mguu mzito, mimi ningemwambia aanze na kula (kipoza joto) ya oili ya gia.

Safari iliyofuata, Ruaha Mbuyuni, niliweka S4 nikiwa bado nyuma ya semi. Palipokuwa kweupe nikakanyaga, gari likaondoka na mguu wangu.