Msinunue mihuri, chukueni ndala iliyokatika

Ukianza kuchapa kwa bamba la jeli, yaani kutandaza rangi kwa rola juu ya kipande bapa cha jeli laini kisha kuihamishia kwenye karatasi, kuna vitu viwili tu vya kuvitolea pesa bila manung'uniko: rola na rangi ya akriliki. Bamba lenyewe unaweza kulipika jikoni kwa jelatini, maji na glisirini ya duka la dawa (kama halali ni jambo la msingi kwako, soma pakiti ya jelatini kabla ya kulipa). Ila hii mihuri ya plastiki inayoagizwa kutoka ng'ambo, yenye maua yaleyale na miduara ileile, mimi sioni inatafuta nini mezani kwetu.

Muhuri wa bamba la jeli si kama wa mwenyekiti wa mtaa. Ule unabeba wino kwenda kwenye karatasi. Huu unakuta rangi imeshatandazwa, unaigusa na kuondoka nayo. Palipoinuka panaacha utupu, palipobonyea rangi inabaki. Sasa usiharakie karatasi. Iache rangi hiyo ikauke palepale kwenye bamba, upitishe juu yake rola yenye rangi nyingine, nyembamba, ndipo ulaze karatasi. Ile mbichi itaikamata ile kavu na kuing'oa, na kwenye kila utupu itajitokeza rangi ya pili. Utamu wote wa kazi hii uko hapo.

Kwa hiyo muhuri hauhitaji kuwa na picha nzuri, unahitaji vilima na mabonde. Na mabonde yawe ya kweli, milimita mbili au zaidi, kwa sababu jeli ni laini: ukikandamiza kwa nguvu inapanda ndani ya mifereji na kufuta kila ulichochonga. Mkono uwe mwepesi.

Ndiyo maana naitetea ndala. Soli yake inakatika vizuri kwa kisu cha karatasi, na haiwezi kulikwaruza bamba. Kata vipande, vibandike juu ya kibao, umemaliza. Kamba ya katani iliyozungushwa kwenye kibao hichohicho hutoa mistari yenye vinyweleo ambayo sijaiona kwenye muhuri wowote wa dukani. Izungushe ovyo ovyo, ukiipanga sana inapoteza uhai. Ukili wa mkeka nao hutoa ule mshazari wake bila wewe kuchonga chochote, mradi uzipunguze ncha za miyaa, kwani zinachoma. Boksi lililochubuliwa karatasi ya juu mpaka mawimbi ya ndani yaonekane ni zuri pia, lakini lipake kwanza gundi nyeupe ya maseremala, pande zote, likauke. Bila hivyo litanyonya rangi na kulegea.

Jua la Dar lina neno lake hapa. Mchana akriliki inakauka kabla hujaamua ushike muhuri gani. Fanya asubuhi, zima feni, tandaza rangi sehemu ndogo ndogo.

Nasikia hoja kwamba muhuri wa kuokoteza unaipa kazi sura ya kimaskini. Wanaosema hivyo waende Ntonso, karibu na Kumasi, Ghana. Mafundi wa adinkra, kitambaa cha Waasante kinachopigwa alama kwa mihuri, huchonga mihuri yao kwenye vipande vya kibuyu, wakafunga vijiti vya kushikia, na wino wanauchemsha kutokana na magome ya mti. Kwa kuwa kibuyu kimepinda, muhuri unabembezwa juu ya kitambaa badala ya kugandamizwa. Kitambaa cha namna hiyo kilichochukuliwa mwaka 1817 na Mwingereza Thomas Edward Bowdich mpaka leo kiko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London. Hakuna aliyekiita cha kimaskini.

Kwenye herufi watu huniambia, "Hapo lazima ununue." Hapo ndipo hupaswi kununua kabisa! Herufi za dukani zimechongwa kinyumenyume ili zisomeke zikigongwa kwenye karatasi. Kwenye bamba, maandishi yanageuka mara mbili, mara ya kwanza yakigusa jeli, mara ya pili yakihamia kwenye karatasi, na za dukani zitatoka zimegeuka. Ukitaka jina lako, chonga kwenye soli ya ndala herufi kama zinavyosomeka, kuanzia kushoto.